Barua ya malalamiko: Nimefungiwa akaunti kwa udanganyifu ambao hamjanionyesha

Tanga, Tanzania
10 Juni 2024

Idara ya Huduma kwa Wachezaji

Ndugu,

YAH: KUFUNGIWA AKAUNTI YANGU TAREHE 13 MEI 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi simu hapa Tanga na nimecheza mchezo wenu wa kupigana risasi kwa simu tangu mwaka 2020. Asubuhi ya tarehe 13 Mei, kabla sijafungua kibanda, niliwasha mchezo nikakuta maandishi mekundu: akaunti yangu imefungiwa maisha kwa kutumia programu ya udanganyifu. Sijawahi kutumia programu hiyo, na sijui hata inavyowekwa, ingawa vijana huniletea simu wakitaka niwawekee. Huwa nawafukuza.

Nimewaandikia mara tatu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Mara zote tatu nimejibiwa maneno yale yale, kwamba mmechunguza na uamuzi ni wa mwisho. Jibu la tatu lilikuja haikupita dakika moja tangu nitume, na nilikuwa nimeambatanisha video ya dakika kumi na nane. Hakuna mtu aliyeitazama. Kwa hiyo leo naandika kwa Kiswahili, lugha ninayoweza kujieleza bila kubabaika. Mchezo mmeuleta kwetu na pesa zetu mnazipokea, basi mtafuteni mtu wa kunisoma.

Naomba niwaeleze Jumapili ya tarehe 12 Mei ilivyokuwa, maana naamini kisa chote kiko hapo.

Siku hiyo nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikayumba Afrika Mashariki karibu yote, na sisi Tanzania tuliumia sana. Wiki ile watu waliniletea simu wakidhani zimeharibika: fundi, hii haishiki mtandao, itazame. Nyingi niliwarudishia bila kuzifungua. Kwa siku za kawaida, nikicheza kutoka Tanga, ile namba ya juu ya kioo inayoonyesha ucheleweshaji husoma kama milisekunde 140 hivi. Siyo nzuri, lakini tumeizoea, kwa sababu kwenye orodha yenu ya seva, zile kompyuta zinazoendesha mchezo, hakuna hata moja iliyoko upande wetu wa Afrika. Usiku ule ilipanda hadi 900 na kubaki nyekundu.

Nyinyi ndio mliotengeneza mchezo, mnajua vizuri kuliko mimi kinachotokea namba ikifika huko. Simu yangu inatuma hatua zangu lakini seva haizipati kwa wakati. Adui anaponitazama ananiona nimeganda kama sanamu, kisha ghafla nimetokea mita kumi mbele. Risasi nilizopiga moja moja zinamfikia zote kwa mkupuo, anaanguka kabla hajajua amepigwa na nani. Ningekuwa mimi niliyepigwa hivyo ningebonyeza kitufe cha kuripoti bila kusita. Nina hakika waliniripoti wengi, maana mechi ile tulifika hadi zoni ya mwisho, lile duara la usalama linalozidi kupungua na kumuua anayebaki nje, nikamfufua mwenzangu mara mbili. Mechi nzima nimeirekodi kwenye kioo cha simu, na ndiyo hiyo video niliyowatumia. Ucheleweshaji unaonekana pale juu mwanzo hadi mwisho. Mtaona pia jinsi ninavyokosa shabaha. Mtu mwenye programu ya kulenga vichwa hapotezi magazini nzima kwenye ukuta.

Huenda mkajiuliza kwa nini niling'ang'ania kucheza kwenye mtandao mbovu namna ile. Kaka yangu yuko Muscat, ni dereva, huu ni mwaka wake wa nne hajarudi nyumbani. Simu ya kawaida ya kwenda Oman inakula salio, na zile za kupiga kwa mtandao kwake hazipiti. Mwaka 2021 tuligundua kwamba kwenye mchezo wenu, tukiwa skwadi moja na kuwasha maiki, tunasikiana vizuri. Tangu hapo tumekutana karibu kila Jumapili, saa mbili usiku kwangu, saa tatu kwake, tukiwa na vijana wengine wawili wa mtaani kwetu. Tunaruka na parachuti, tunaokota silaha, tunakimbia zoni, na katikati ya hayo tunazungumza habari za nyumbani. Mama akipita nyuma yangu huinama kwenye simu akamuuliza amekula nini leo. Aliposikia baba amelazwa, kaka yangu alikuwa amejificha kwenye nyasi akisubiri nimfikishie dawa ya kujitibu. Alinyamaza mpaka zoni ikamkuta pale pale. Hatukuwa tunasikiana popote pengine.

Jumapili ile nilijua mtandao ni mbovu. Niliingia kwa sababu ndiyo ilikuwa siku yetu.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme, nisije nikaonekana nimelificha. Kazi yangu ni kubadilisha vioo na betri. Nikimaliza kuweka kioo kipya, mara nyingi naingia kwenye akaunti yangu kwa simu ya mteja nicheze dakika chache, nione kama kioo kinaitikia vidole vyote na simu haichemki kupita kiasi. Hakuna kipimo kizuri kama hicho, na wateja wenyewe hukiomba, maana wengi wananunua simu ili wacheze mchezo wenu. Kwa hiyo ni kweli akaunti yangu imefunguliwa kwenye simu nyingi sana. Kanuni zenu nimezisoma mara mbili. Zinakataza kuuza akaunti na kumpa mtu mwingine aitumie, na hayo sijayafanya. Sikuona mahali zinapokataza mimi mwenyewe kuifungua kwenye simu nyingine. Ikiwa hilo ndilo lililonifungisha, niambieni, nitaacha leo. Lakini hamjaniambia. Sijui ni mtandao, ni simu za wateja, au ni kitu kingine kabisa. Mmeandika neno moja tu, udanganyifu, na neno hilo sasa linaonekana kwa kila aliye kwenye orodha yangu ya marafiki. Hapa mtaani mimi ndiye wanayenipa simu zao na namba zao za siri za kufungulia. Kijana mmoja ameshaniuliza kama kweli nachiti. Hiyo imeniuma kuliko kupoteza akaunti.

Siwaombi muwalegezee wadanganyifu. Nimeuawa mara nyingi na watu wanaoona kupitia kuta, na wanaharibu mchezo kwa kila mtu. Wafungieni. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kumfungia mtu maisha, awepo binadamu aliyetazama.

Katika jibu lenu la kwanza mliandika kwamba mchezo ni wa bure, hivyo hakuna cha kurejesha. Ni kweli sikulipa kuupakua. Lakini nina risiti 23 za manunuzi ndani ya mchezo, jumla shilingi 214,500: pasi za misimu, nguo, na skini, yaani pambo la bunduki, niliyomnunulia kaka siku yake ya kuzaliwa. Hapo sijahesabu bando. Kila mnapoleta toleo jipya nanunua kifurushi cha kulipakulia, na simu ya bei nafuu inajaa, nafuta picha za familia ili mchezo upate nafasi. Nilitoa kwa hiari yangu na sikujutia. Sikubali tu kuambiwa kwamba sikutoa kitu.

Mteja wangu mmoja anayesoma sheria alinifahamisha kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kwamba inamlinda mtu dhidi ya uamuzi mzito kufanywa na mashine peke yake. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyozinduliwa mwezi Aprili mwaka huu. Ningependa tumalizane sisi kwa sisi, lakini msipojibu nitawapelekea wao nakala ya barua hii.

Naomba mfanye mambo matatu. Kwanza, mtu aitazame ile video pamoja na kumbukumbu za seva za usiku wa tarehe 12 Mei, azilinganishe na habari ya kukatika kwa nyaya. Pili, mniambie kwa maneno ya kueleweka ni kitendo gani kilichonifungisha, saa ngapi na kwenye simu ipi. Tatu, mkiona hakuna kosa, mnirudishie akaunti na kuliondoa lile neno mbele ya jina langu. Nitasubiri siku kumi na nne.

Nimeambatanisha video, picha za risiti zote 23, na majibu yenu matatu. Namba ya akaunti iko kwenye ukurasa wa pili wa viambatanisho.

Kaka amefungua akaunti mpya ili tuanze pamoja upya. Nimemwambia asubiri kwanza, nikifungua nyingine sasa itaonekana nimekubali kosa. Kwa hiyo Jumapili nne zimepita hatujazungumza.

Wenu katika mchezo,

Fundi simu, Tanga