Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkuu wa shule, bodi, walimu, wazazi na wahitimu, shikamooni, itifaki imezingatiwa.

Kwanza asante kwa kuja mwenyewe, maana wenzio waliotangulia walikuwa wanatuma mwakilishi na bahasha.

Mwaka huu klabu imesoma historia ya nyuklia, si unajua urani, madini ya nishati ya nyuklia, ipo hapa hapa Ruvuma, kule Mto Mkuju, Namtumbo. Kwa kifupi: 1938 Otto Hahn na Fritz Strassmann wakapasua kiini cha atomi ya urani Berlin, Lise Meitner akiwa ukimbizini Sweden akaeleza kilichotokea, 1942 Enrico Fermi na wenzake wakawasha mtambo wa kwanza wa nyuklia Chicago chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo, 1945 yakaja mabomu ya nyuklia ya Marekani, na urani nyingi ya mradi wa mabomu hayo ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, Kongo, kwa ndugu zetu wa Kiswahili. Halafu tarehe 20 Desemba 1951 mtambo wa nyuklia wa EBR-I kule Idaho, Marekani, ukawasha balbu nne kwa umeme wake.

Mafanikio ni makubwa: wanachama tumetoka 9 hadi 34, na tumetengeneza mfano wa mtambo kwa maboksi na udongo, shule mbili jirani zimekuja kuuona (moja gari lao liliharibika hapa getini, lakini waliuona).

Sasa mheshimiwa, turudi kwenye zile balbu nne. Maabara yetu haina hata moja. Nguzo ya umeme imeishia nyumba ya mkuu wa shule, kutoka pale hadi maabara unaweza kurusha jiwe likafika. Somo la saketi tunatumia betri za tochi, zikiisha mwalimu anachora ubaoni eti hapa taa imewaka, na sisi tunaandika imewaka. Mgeni rasmi wa 2019 alisema nguzo zinakuja mwezi ujao, tukapiga makofi sana. Wa 2022 akasema hilo lilishashughulikiwa, tukapiga tena ila kidogo. Hatusemi walidanganya, labda nguzo zipo njiani.

Tunaomba nguzo mbili na waya tu. Fundi ni mzazi, yupo mstari wa pili pale kavaa kofia, ameshapima na bei ziko ukurasa wa nyuma wa nakala yako mheshimiwa, hata ukifunua sasa hivi sio vibaya, tunasubiri.

Tunaomba kuwasilisha.