Nguva kuwa mweusi hakujaharibu hadithi ya mtu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, maana ile barua ya msomaji mwenzangu aliyelalamikia hizi katuni za zamani zinazorudiwa na waigizaji wa kweli imenikaa kichwani na nimeshindwa kunyamaza. Alisema mengi ila kubwa lilikuwa hili, kwamba studio za Marekani zinawabadilisha rangi wahusika wa hadithi za watoto, kwamba Ariel yule nguva wa katuni ya Disney, The Little Mermaid, alikuwa mzungu mwenye nywele nyekundu basi angeachwa hivyohivyo, na kwamba anayetetea mabadiliko haya ni mnafiki kwa sababu siku binti mfalme mweusi akiigizwa na mzungu dunia nzima italia ubaguzi. Nimemsoma kwa heshima, na najua wanaowaza kama yeye ni wengi sana, ukifungua komenti za trela yoyote ya hizi muvi utawakuta. Ila amekosea, na amekosea sehemu ambayo inaumiza watu.

Tuanze na huyohuyo Ariel maana ndo kelele zote zilipowakia. Julai 2019 ikatangazwa kwamba Halle Bailey ndo atakuwa Ariel, binti wa miaka 19 tu, mwimbaji, na hata hajashika nafasi yake tayari mitandaoni kulishaenea hashitegi ya kumkataa. Muvi yenyewe imekuja kutoka Mei 2023, kwa hiyo huyu binti amekaa karibu miaka minne anasemwa kwa kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Trela fupi ya kwanza ilipotoka Septemba 2022 hasira zikaanza upya. Sababu waliyoshika ilikuwa moja, kuheshimu hadithi ya asili.

Sasa hadithi ya asili ni ipi? Aliyeiandika ni Hans Christian Andersen, Mdenmaki, mwaka 1837. Na ni kweli, sitaki kumficha mtu, kwenye kitabu chake yule nguva mdogo ana macho ya buluu kama bahari ya kina kirefu na ngozi laini kama waridi. Lakini kwenye kitabu hichohicho mchawi wa baharini anamkata ulimi, kila anapokanyaga anaumia kama anatembea juu ya visu, mwana wa mfalme anaoa mwanamke mwingine, na nguva mwenyewe mwisho anayeyuka anakuwa povu la bahari na roho yake inaungana na viumbe wa hewani. Hayo yote katuni ya mwaka 1989 iliyafuta. Ikampa sauti yake, ikampa mume, ikampa harusi juu ya meli, ikamwongezea kaa anayeimba. Nywele nyekundu zenyewe Andersen hakuziandika, zimeletwa na wachoraji wa katuni maana zilikaa vizuri na mkia wa kijani. Kwa hiyo walibadilisha kifo cha mhusika, wakabadilisha maana nzima ya hadithi, na watu wakaipenda na mpaka leo wanaiita ndo ya asili, halafu inakuja kubadilishwa ngozi ya mwigizaji ndo tunaambiwa sasa mmevuka mpaka! Mimi hapo nashindwa kuamini kwamba kinachotetewa ni hadithi.

Na tena mambo haya sio mageni. Novemba 1997 kwenye televisheni ya ABC ya Marekani ilionyeshwa Cinderella ambaye Cinderella wake ni Brandy, mwimbaji mweusi mwenye rasta zake, yule bibi wa miujiza ni Whitney Houston, malkia ni Whoopi Goldberg na mfalme mumewe ni mzungu, na mtoto wao, mwana wa mfalme, ni Paolo Montalban aliyezaliwa Ufilipino. Hakuna sehemu wanakaa kuelezea imekuwaje mfalme mzungu na malkia mweusi wakazaa Mfilipino. Wanaimba, wanacheza, kiatu kinatosha, basi. Ilitazamwa na watu kama milioni 60. Hadithi yenyewe ya msichana anayeteswa na mama wa kambo halafu kiatu chake kinampeleka kwa mfalme Wachina walishaiandika karne ya 9, binti wao anaitwa Ye Xian na anayemsaidia ni samaki, sasa kama ni kudai umiliki tungeanzia wapi.

Nirudi kwenye lile swali la unafiki, maana ndo swali zito kwenye barua ya mwenzangu na linastahili kujibiwa vizuri. Anauliza, je, mzungu akicheza Tiana? Nami namuuliza, umeiangalia vizuri ile katuni ya Tiana ya mwaka 2009? Tiana ni binti mweusi wa New Orleans miaka ya 1920, mama yake ni fundi cherehani anayeishonea nguo familia ya kizungu yenye hela, yeye anafanya kazi za uhudumu usiku na mchana kukusanya pesa za kufungua mgahawa, na zinapokaribia kutimia wale wauza nyumba wanamwambia kuna mtu katoa hela zaidi na kwamba mwanamke wa asili yake labda abaki tu alipo. Hiyo sentensi inamchoma kwa sababu ya rangi yake na zama zake. Mtoe Tiana weusi wake, yale mazungumzo yanakosa maana, mji unakosa maana, jasho lake lote linakosa maana. Mtoe Ariel uzungu wake kinakosekana nini? Bado ni binti wa mfalme wa bahari aliyechoka kukatazwa, bado anatoa sauti yake apate miguu, bado anampenda mtu wa nchi kavu. Hakipungui kitu. Mi ndo kipimo changu hicho, kama rangi au utamaduni unabeba hadithi basi usiguswe, kama haubebi basi apewe mwenye kipaji.

Na kipimo hiki kinakata pande zote, asije mtu akasema napendelea. Mwaka 2010 ile katuni ya televisheni ya Avatar: The Last Airbender, iliyojengwa juu ya tamaduni za Asia na za watu wa nchi za barafu, iligeuzwa muvi na watoto watatu mashujaa wakapewa waigizaji wazungu, huku mwana wa mfalme wa upande wa adui akapewa Dev Patel mwenye asili ya India. Hapo waliolalamika walikuwa na haki kabisa. Mwaka 2025 kwenye Lilo & Stitch wako waliosema mwigizaji aliyecheza dada mkubwa, ambaye jina lake ni Nani, japo kazaliwa Hawaii, ana ngozi nyeupe kuliko dada yule wa kwenye katuni, na hilo nalo sio la kupuuza kwa sababu hadithi yote ni ya ndugu wawili yatima wa Hawaii wanaohangaika wasitenganishwe. Watu wa huko kutaka wajione vilivyo kwenye hadithi inayowahusu sio makosa.

Snow White ndo kesi ngumu, na mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Kwenye hadithi ya ndugu Grimm ya mwaka 1812 malkia anajichoma sindano, damu inadondoka kwenye theluji, anatamani mtoto mweupe kama theluji, mwekundu kama damu, mweusi wa nywele kama mpingo wa dirisha lake. Jina la mtoto, Snow White, yaani mweupe kama theluji, limetoka hapo. Kwa hiyo Rachel Zegler, ambaye mama yake ana asili ya Colombia, alipopewa nafasi ile waliouliza jina litakuwaje waliuliza swali la haki. Studio ikajibu kwa kusema mtoto alizaliwa siku ya dhoruba ya theluji ndo akaitwa hivyo. Mi naona ni kiraka. Kingeweza kupita kama muvi yenyewe ingesimama kwa miguu yake, lakini ilitoka Machi 2025 ikiwa imetumia zaidi ya dola milioni 250 na dunia nzima ikaingiza kama milioni 205 tu kwenye majumba ya sinema. Watu wakakimbilia kusema mmeona, rangi imeiangusha. Sio rahisi hivyo. Ile muvi ilishapata makovu mengi kabla haijatoka, maneno ya mwigizaji kuhusu katuni ya zamani, siasa, kurudiarudia kupiga picha, tarehe kusogezwa mwaka mzima. Na ile ya nguva iliyokuwa na Ariel mweusi iliingiza zaidi ya dola milioni 560, sasa kama rangi ndo inaua muvi mbona ile haikufa? Ni kweli China ilifanya vibaya sana, ila Marekani kwenyewe ilipita vizuri.

Halafu kuna kitu kwenye Snow White kiliniuma kuliko ngozi ya Zegler na sikuona wengi wakikipigia kelele. Wale mbilikimo saba wanaoishi na Snow White walitengenezwa kwa kompyuta. Januari 2022 mwigizaji Peter Dinklage, ambaye mwenyewe ni mfupi wa kimo, alihoji kwa nini studio inajisifia kumpa nafasi binti wa Kilatino huku inarudisha hadithi ya wafupi wanaoishi pangoni pamoja. Alikuwa na hoja. Studio ikasema itatafuta njia nyingine, na njia iliyoipata ikawa ni kuchora nyuso za kompyuta. Mwigizaji mfupi wa kimo Martin Klebba alimpa Grumpy, mmoja wa mbilikimo hao, sauti yake, lakini nafasi saba za kuonekana kwenye muvi kubwa kabisa, kwa watu ambao wanapata nafasi kwa nadra mno, zikapotea. Kuna waigizaji wafupi waliosema wazi kwamba kazi hizo walizihitaji. Sasa unajisifia umefungua mlango huku mwingine umeufunga na kufuli!

Ndo maana nasema hasira zetu tunazielekeza kusiko. Studio hizi hazirudii katuni kwa ajili ya haki za mtu mweusi, zinarudia kwa sababu jina la zamani linauza tiketi na midoli, na kuandika hadithi mpya ni gharama na ni hatari. Toka Snow White ya kwanza mwaka 1937 mpaka Tiana 2009 ni miaka 72 Disney hawajawahi kuwa na binti mfalme mweusi, na alipopatikana sehemu kubwa ya muvi yuko kwenye umbo la chura. Badala ya kulipia hadithi nyingine kumi za watu kama Tiana wanachukua hadithi ileile wanabadilisha mwigizaji, halafu matusi yakija anayesimama mbele ni binti wa miaka 19 au 20, sio mkurugenzi aliyesaini hundi. Hata hiyo ya nguva waliipeleka kwenye kisiwa cha Karibiani zama za meli za matanga, wakaweka malkia mweusi aliyemlea mtoto mzungu aliyeokotwa kutoka kwenye meli iliyozama, na kuhusu utumwa uliojaa bahari ile hawakugusa neno. Walitaka sura za watu weusi ila historia yao hawakutaka kuibeba. Hayo ndo malalamiko ningependa kuyasoma kwenye barua za wasomaji.

Lakini hata nikiyasema hayo siwezi kusema Halle Bailey asingepewa ile nafasi. Trela ilipotoka wazazi wengi Marekani waliwarekodi watoto wao wa kike weusi wakiiangalia kwa mara ya kwanza, na wale watoto wanashika mashavu, wanageuka kumwangalia mama, wanasema anafanana na mimi. Mwenzangu kwenye barua yake anasema mtoto haangalii rangi. Anaangalia sana. Miaka ya 1940 wanasaikolojia wawili, Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe, waliwapa watoto weusi wa miaka mitatu mpaka saba midoli inayofanana kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza mdoli mzuri ni upi na mbaya ni upi, na wengi wakamchagua mweupe kuwa ndo mzuri. Wakiulizwa ni yupi anayefanana na wewe wapo waliolia. Utafiti huo ulifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye ile kesi ya 1954 iliyopiga marufuku kutenganisha watoto shuleni kwa rangi. Mtoto wa miaka mitatu alishajifunza kwamba uzuri hauko upande wake, na hakujifunza kwa kusomewa sheria, alijifunza kwa kuona nani anawekwa wapi, kwenye vitabu, kwenye midoli, kwenye katuni.

Anayesema utoto wake umeharibiwa na Ariel mpya naomba akumbuke katuni ya 1989 haijafutwa popote, ipo, anaweza kuiangalia hata sasa hivi, wala hakuna aliyemnyang'anya. Yule mtoto wa kwenye video yeye hakuwa na ya kwake ya kurudia.

Ombi langu kwako mhariri ni dogo. Muvi nyingine za namna hii zitakuja, na siku waigizaji wakitangazwa waandishi wako wa burudani wasianze na kichwa cha habari cha mashabiki kuchukia rangi ya mtu, maana hicho kichwa ndo kinawaita wenye matusi wengine mia. Waandike huyo mwigizaji anaimba vipi, kacheza nini huko nyuma, nani kaandika hiyo hadithi upya na kabadilisha nini, na studio iulizwe hadithi mpya iko wapi.

Wako msomaji wa kila siku.