Insha moja iandikwe mara mbili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie insha za Kiingereza katika kidato cha tano na cha sita hapa Uganda, hasa katika jenero pepa (General Paper), somo la maarifa ya jumla ambalo kila mwanafunzi wa ngazi hiyo hulazimika kulifanya, awe wa sayansi au wa sanaa. Kila matokeo yanapotangazwa lawama huangukia msamiati: watoto hawasomi vitabu, maneno yao ni haba, simu zimewaharibu. Nimesahihisha madaftari hayo kwa miaka mingi hapa Busia, na sioni kwamba msamiati ndio ugonjwa wenyewe.

Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu ni kwa kiasi gani bodaboda zimewanufaisha vijana wa Uganda. Mmoja wao, ambaye kaka yake hushinda kwenye stendi ya bodaboda hatua chache kutoka forodhani, aliniletea kurasa mbili zilizoanza kwa maneno “Since time immemorial” (tangu enzi na enzi), zikaeleza maana ya usafiri, zikaorodhesha faida sita na hasara sita, kisha zikafungwa kwa “In a nutshell” (kwa ufupi). Sarufi haikuwa mbaya, ila dereva yule yule alikuwa “he” katika mstari mmoja na “she” katika unaofuata, kosa ambalo mtu aliyelelewa na kiambishi a- cha Kiswahili au cha Luganda hulifanya bila kujijua, kwa kuwa kiambishi hicho hakibagui mwanamume na mwanamke. Kasoro kubwa ilikuwa kwamba swali halikuguswa. Anayeulizwa “kwa kiasi gani” anatakiwa kupima na kuamua. Yeye alihesabu tu.

Nilimwita, nikamuuliza kwa Kiswahili kaka yake anapata nini katika kazi ile. Alieleza bila kusita: pikipiki si yake, kila jioni lazima apeleke hesabu, yaani fedha za siku, kwa mwenye chombo, siku ya mvua hesabu haipungui, na tairi likipasuka ni juu yake, hata hivyo, karo ya muhula ilitoka humo humo. Nikamwambia kwamba insha yake ndiyo hiyo. Aliiandika upya kwa Kiingereza chake kile kile cha kawaida, na safari hii aya ya kwanza ilisema wazi kwamba bodaboda humlisha kijana lakini faida kubwa humwendea mwenye pikipiki. Yale “Since time immemorial” aliyakata mwenyewe, sikumwambia.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Desturi yetu ni kuwaandikisha insha mpya kila baada ya wiki mbili, tunapitisha kalamu nyekundu, tunaweka 22 juu ya 50, na daftari linafungwa. Mwanafunzi hutazama namba, huchungulia ya jirani yake, basi. Insha ijayo ina mada nyingine, naye anaiingia na makosa yale yale. Mtoto anayeandika insha nne kwa muhula na kuirudia kila moja atafika mbali kuliko yule aliyeandika sita asirudie hata moja.

Walimu wenzangu watanijibu kwamba madaftari ni themanini na mwalimu ni mmoja. Nami ninayo themanini. Ndiyo maana rasimu ya kwanza siisahihishi yote: nasoma aya mbili za mwanzo, naandika pembeni swali moja, mara nyingi “Wewe unasemaje?”, na kuchagua makosa mawili tu ya sarufi ya kushughulikia wiki hiyo. Kesho yake wanakaa wawili wawili, kila mmoja akisoma insha ya mwenzake kwa sauti, kwa sababu sikio hunasa sentensi iliyopotea njia kabla jicho halijaiona. Baada ya hapo huandika upya. Alama natoa kwa rasimu ya pili peke yake.

Wapo walimu wanaowapa wanafunzi utangulizi wa kukariri, kama ule wa “Since time immemorial”, kwa kuhofia muda. Mtihani kwa miaka mingi umekuwa wa saa mbili na dakika arobaini kwa maswali mawili, na insha ikitakiwa iwe na maneno 500 hadi 800. Ukigawa sawasawa, insha inapata saa moja na dakika ishirini. Dakika kumi na tano za kupanga zinapatikana humo, na mpango wenyewe uandikwe kwa lugha yoyote inayokuja kichwani. Nashangaa kwamba bado kuna shule zinazomvika mtoto kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani, kana kwamba fikra nazo huzaliwa kwa Kiingereza. Wanafunzi wa mtaala mpya ulioanza kidato cha kwanza mwaka 2020, ambao kundi la kwanza lilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, wanatujia wakiwa wamezoea miradi na majadiliano ya vikundi. Tukiwapokea kwa utangulizi wa kukariri, tunawaziba midomo iliyokwisha kufunguka.

Ombi langu la mwisho ni kwa wakuu wa shule na walimu wa taaluma. Mnapokagua madaftari yetu, mnahesabu ni insha ngapi zimeandikwa tangu muhula uanze, na mwalimu mwenye nne huitwa ofisini. Hesabuni pia ngapi zimeandikwa mara mbili.

Mwalimu wa jenero pepa,
Busia, Uganda