Barua kwa Mwanangu Anayewapeleka Watoto Baharini

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi ni wazima, isipokuwa magoti ya mama yako ambayo unayajua.

Nimepata ujumbe wako kwamba likizo hii ya Juni hamji nyumbani, na kwamba umelipia vyumba katika hoteli ya ufukweni huko Jambiani, mashariki mwa Unguja. Nimefurahi, kwa sababu umeyafikia hayo kwa jasho lako, na sisi wakati wenu hatukuwahi kuwapeleka hata Kasulu kwa matembezi tu. Mama yako alikuwa amekwisha kufua mashuka ya chumba chenu. Mpigie simu mwenyewe umweleze, usinitume mimi.

Ninalokuandikia ni juu ya maji. Umekulia ziwani na unaogelea vizuri, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi, kwa kuwa mtu asiyejua kuogelea huwaacha watoto wake wacheze mchangani, lakini wewe utawaongoza ndani kwa imani uliyoipata Bangwe. Ziwa letu la Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, na duniani hakuna linalolizidi isipokuwa Baikal, lakini halipwi wala halijai kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Hata miaka hii ya karibuni lilipopanda na kuingia Kibirizi, lilipanda kwa miezi, watu wakapata nafasi ya kuhamisha mizigo yao. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, tofauti ya maji huko Unguja hukaribia mita nne. Nilikufundisha darasani kwamba mwezi ndio unaoyavuta maji hayo, nawe ulijibu vizuri katika mtihani. Darasani, hata hivyo, sikusema lolote juu ya mtoto wa miaka sita aliyesimama mbali na ufuko.

Upande huo wa Jambiani bahari ni ya kina kifupi hadi kwenye mwamba ambako mawimbi yanavunjika. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa sana asubuhi, yakaacha uwanja mpana wa mchanga na vidimbwi, na watoto watataka kutembea hadi mwisho wake. Maji yanaporudi hayaji kwa mstari mmoja ulionyooka. Hujaza kwanza mabonde na mifereji, kwa hiyo aliye mbali anaweza kukuta maji yako nyuma yake ilhali mbele yake bado anaona mchanga. Tena hayapandi kwa mwendo mmoja: yanaanza polepole, na katika saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokwenda kwa kasi kuliko saa nyingine zote. Kila siku saa za kupwa na kujaa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Usiniambie basi kwamba jana saa kama hizi mlikuwa hapo hapo na hapakuwa na neno.

Waulize watu wa mapokezi saa za maji kila asubuhi kabla ya chai, na zaidi ya hao, waulize wavuvi na akina mama wanaolima mwani, kwa kuwa kazi yao yote inafuata maji hayo. Mkipita karibu na mashamba yao, watoto wasikanyage kamba wala kung'oa vijiti. Hiyo ni riziki ya watu. Wavalishe yeboyebo zinazofungwa nyuma, kwa sababu kwenye mawe kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia mguuni.

Juni ni wakati wa kusi, na upepo huo unaupiga upande wenu moja kwa moja. Maji yanayorushwa juu ya mwamba lazima yapate pa kutokea, na hutokea kwenye milango ya mwamba kwa nguvu ambayo hata wewe huiwezi. Ukichukuliwa na mkondo, usishindane nao kurudi pwani; elea, kisha ogelea kwa ubavu, sambamba na ufuko, mpaka utoke ndani yake. Mfundishe hivyo mjukuu wangu mkubwa. Mwambie pia kwamba maji ya chumvi huubeba mwili kuliko ya ziwani, asije akadhani kwamba amekuwa hodari ghafla.

Kuhusu somo yangu, yeye asiingie majini bila mkono wako au wa mkeo. Mlipokuja mara ya mwisho ulikuwa ukizungumza na simu hali yeye amesimama majini hadi kifuani. Sikusema, kwa sababu mkeo alikuwa karibu nami sikutaka kukuaibisha. Sasa nasema. Mtoto anayezama hapigi kelele, kwa kuwa pumzi ya kupigia kelele hana. Anaweza kupotea huku watu wazima wamekaa hatua chache tu kutoka alipo. Bwawa la hoteli ni vilevile. Usihesabu kwamba mhudumu anayepita na vinywaji anawatazama watoto wako.

Nimesikia treni mpya kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni ya saa chache tu. Huku reli hiyo bado haijatufikia, nami nisingependa hilo liwe sababu ya kutotuona hata Desemba. Kwenye boti ya kwenda Unguja, kabla ya kukaa, tazama jaketi za kujiokolea ziko wapi na kama zipo za watoto.

Mawese ya mkeo yako tayari kwenye dumu la lita tano, nitayapakia kwenye basi nikipata mtu wa kuaminika. Fedha uliyopanga kututumia kwa ajili ya bati za jiko usiitume mwezi huu. Nunua jaketi mbili za kuogelea zinazowatosha watoto, uhakikishe zinawabana vizuri kifuani. Mvua hapa haitarudi kabla ya Oktoba, na jiko linaweza kusubiri.

Mkifika, usinipigie ukiwa ufukweni. Piga usiku, mkiwa mmerudi chumbani wote.

Mimi baba yako.