Mwanangu, sari ya zipu iache dukani

Mwanangu,

Picha yako nimeipata jana usiku, na ile sauti uliyoniachia nimeisikiliza mara mbili. Unasema mwenzako wa kazini anaolewa mwezi ujao, harusi ya Kigujarati, na nyote wa ofisini mmeombwa mvae sari. Umeshaiona moja ya bluu, ya shifoni, imeshonwa tayari na marinda yake, unaingia ndani, unavuta zipu, umemaliza. Unaniuliza inafaa? Nimeona nikujibu hapa mbele ya watu, maana najua si wewe peke yako unayeuliza swali hili, na jibu lake haliingii kwenye ujumbe wa simu.

Hiyo bluu naijua ilikotoka. Ni ile aliyovaa Deepika Padukone mwaka 2013 kwenye filamu ya Kihindi, Yeh Jawaani Hai Deewani, kazi ya mbunifu Manish Malhotra. Kabla yake palikuwa na bluu nyingine, ya Sridevi kwenye Mr. India ya 1987, na miaka miwili baadaye yeye yule alikuja na Chandni, shifoni zikipeperuka mbele ya milima ya Uswisi. Sisi tuliziona kwenye kanda za video za kukodi, watoto kumi tumejazana sebuleni kwa jirani mwenye deki. Sushmita Sen alipotokea kama mwalimu wa kemia kwenye Main Hoon Na mwaka 2004, mimi nilikuwa mtu mzima na kazi yangu, na bado nilisimamisha mkanda nimtazame alivyolishika lile pindo. Kwa hiyo usidhani nazidharau sari za filamu. Nazipenda mno.

Hata hizo za kushonwa si jambo la juzi. Mwaka 1968, kwenye Brahmachari, Mumtaz alicheza amevaa sari ya rangi ya chungwa iliyobana mwili, imekatwa na kushonwa ili acheze bila kufunguka. Aliyeibuni ni Bhanu Athaiya, yule yule ambaye baadaye alipata tuzo ya Oscar kwa mavazi ya filamu ya Gandhi, Mhindi wa kwanza kuipata. Yule mama alijua anachofanya. Alikuwa anamvika mchezaji kwa ajili ya kamera. Wewe unakwenda kukaa na watu, kula nao, kuinama kuwasalimia wazee, kubeba watoto wao.

Nami shifoni ilinifundisha. Nilikuwa na miaka 22, nikanunua yangu nyepesi kama pumzi, nikaifunga juu ya gagulo la satini kwa kuiga nilichoona kwenye kanda. Katikati ya harusi, nimeshika sahani, nikahisi marinda yanateleza, moja, la pili, yote. Nikayabana kwa mkono wa kushoto nikakaa chini, na sikuinuka tena hadi watu walipoanza kutawanyika. Aliyenikuta pale kitini ni jirani yetu wa Tanga, bibi wa Kigujarati ambaye mtaa mzima tulimwita Ba, kama walivyomwita wajukuu zake. Hakunicheka. Alichomoa pini mbili kwenye choli yake mwenyewe, ile blauzi fupi ya sari, akanifunga, akaniambia kesho nije kwake asubuhi.

Asubuhi ile naikumbuka hadi harufu, ile ya dawa ya nondo ikitoka kwenye sanduku lake. Alitoa sari ya pamba iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama kanga ya kulalia, akaniambia niivue ile hofu kwanza. Sari ni kitambaa tu, kipande kimoja, mita tano na nusu hivi kwa sari ya kawaida. Kama kanga ina mji na pindo, sari nayo ina mwili wake na mapindo mawili marefu, na mwisho wake mmoja umepambwa kuliko kwingine kote. Huo mwisho ndio pallu. Kila unachokifanya kiunoni unakifanya ili pallu ikafike inapotakiwa kufika.

Akaanza. Ncha isiyo na pambo akaichomeka kwenye gagulo, akanizungusha mara moja, akavuta kitambaa kikae sawa juu ya vifundo. Kisha akayakunja marinda kwa kidole gumba na kidole kidogo, mkono ukienda na kurudi, kila rinda upana wa kiganja, saba, akiyagonga kwa nyuma ya mkono yalingane. Akayapa pini moja kwa ndani, akayachomeka yote kwa pamoja. Nikanyoosha bega la kushoto, kama Sridevi. Ba akaligusa, akalishusha. Pallu akaipitisha mgongoni, akaileta mbele juu ya bega la kulia, ikashuka kifuani imefunguka yote, ncha yake moja akaivuta hadi kiunoni kushoto akaifunga. "Hivi ndivyo kwetu," alisema.

Mtindo huo unaitwa seedha pallu, na ndio wa Gujarat, walikotoka wengi wa Wahindi wa pwani yetu. Ukiuvaa, kazi yote ya mfumaji inakaa mbele, mtu anaiona anapozungumza nawe. Kwa mtindo wa filamu pallu inaning'inia mgongoni, na anayeiona ni aliye nyuma yako.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo ninapotaka ufike. Umesema kwenye sauti yako unaogopa "kukosea sari ya asili," na ndiyo maana unaitaka ya zipu. Hiyo unayoiita ya asili, ya blauzi na gagulo na bega la kushoto, ina umri wa miaka kama 150 hivi tu. Mwaka 1864 mwanamke wa Bengal, mashariki mwa India, Jnanadanandini Debi, alimfuata mumewe Bombay. Mumewe ni Satyendranath Tagore, kaka yake yule mshairi Rabindranath, na Mhindi wa kwanza kuingia katika utumishi wa juu wa serikali ya kikoloni. Kwao Bengal wakati huo wanawake walijifunga sari bila blauzi, vazi la ndani ya nyumba, na yeye sasa alitakiwa kutoka mbele za watu. Akawatazama wanawake wa Kiparsi wa Bombay walivyovaa, akachukua yao, akabadili, pallu akaiweka bega la kushoto ili mkono wa kulia ubaki huru. Aliporudi Kolkata alitangaza kwenye gazeti la wanawake kwamba atamfundisha yeyote anayetaka. Mtindo unaofanana na huo, uitwao nivi, wenye asili ya Andhra, ndio leo umeenea India nzima na kwenye filamu.

Mwanamke mmoja mgeni, katika mji usio wake, akajifunza kwa jirani. Ba naye alinifunza mimi. Wewe unaogopa nini?

Na njia za kuifunga sari ni nyingi kweli kweli. Rta Kapur Chishti, mtafiti wa nguo za India, amekusanya zaidi ya 100. Maharashtra wana sari ya yadi tisa inayopitishwa katikati ya miguu, mtu akaweza kulima na kuvua samaki nayo. Kodagu, kule milimani Karnataka, marinda yanakaa nyuma. Bengal mwenye nyumba alifunga funguo zake kwenye ncha ya pallu akazitupa begani, ukimsikia anakuja unajua nani amekuja. Kerala ni vipande viwili vyeupe vyenye pindo la dhahabu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: vaa kama nyumba inayokualika inavyovaa. Bibi harusi wako atatoka na panetar, sari nyeupe yenye pindo jekundu. Kwa desturi hiyo analetewa na mjomba wake, na mjomba huyo ndiye anayemsindikiza hadi mandapini, pale kwenye kibanda cha kufungia ndoa. Utawasikia wakimwita "mama," usishangae, kwa Kigujarati mama ni ndugu wa kiume wa mama. Kisha upande wa mume wanamtolea gharchola, nyekundu, imegawanywa miraba kwa zari, nyuzi za rangi ya dhahabu, na humo ndani nukta za kufungwa kwa uzi kabla ya kutiwa rangi. Ukiiona kwa karibu utakumbuka kisutu cha bibi zetu siku wanapomtoa mwali. Mimi kila nikiiona nakumbuka.

Basi nyekundu muachie mwenyewe. Nyeupe tupu nayo usivae, kwa desturi yao ya zamani ni rangi ya mjane. Tafuta bandhani ya pamba na hariri, kijani au zambarau, ile yenye vinukta vya kufungwa. Ukiishika isikie kidogo: iliyofungwa kwa mkono ina vijinundu mpaka ipigwe pasi, iliyochapwa ni bapa. Nyingi za bei ndogo madukani ni za poliesta kutoka Surat, mji wa viwanda huko Gujarat, zinang'aa na zinateleza, hata mimi mwenye uzoefu zinanisumbua. Patola, sari ya hariri ya mji wa Patan huko Gujarat, usiulize bei. Nyuzi zake zote, za mtande na za mshindio, zinatiwa rangi kwa mahesabu kabla hazijafumwa, moja huchukua miezi sita au zaidi, na mbele na nyuma zinafanana. Ba alikuwa nayo moja. Alinionyesha mara moja tu, mikono yake ameinawa kwanza.

Gagulo shonesha la pamba, si satini, rangi ile ile ya sari, na kiunoni liwe la kamba ya kufunga, si lastiki, maana uzito wote unabebwa na kamba hiyo. Viatu utakavyovaa siku hiyo njoo navyo, urefu wa sari unapimwa ukiwa umevivaa. Jumamosi njoo mapema, tutafunga na kufungua mpaka mikono yako izoee. Pini ninazo, mbili kati ya hizo ni za Ba.

Shangazi yako