Zuhura, usiifute tanbihi ile

Ndugu yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na pole na joto la Dar. Huku wote wazima, mama anakusalimu na bado anadai kile kikapu chake. Najua nimekaa kimya mno, ya kwetu nitakueleza siku nyingine. Leo naandika mbiombio ili barua ikufikie kabla hujakaa na msimamizi wako.

Usiifute tanbihi ile. Umesema "RKA 726/110", uliyoikuta kitabuni, umeitafuta kila mahali, hakuna kitu, na msimamizi ameshauri kwamba kisichopatikana kiondolewe kwenye tasnifu. Jalada lipo, Zuhura. Namba ni sahihi. Ila imeandikwa kwa utaratibu wa watu wa miaka ya 1960 na 1970, na kompyuta ya leo haiujui utaratibu huo.

RKA ni Reichskolonialamt, wizara ya makoloni ya Ujerumani iliyoanzishwa 1907. Kabla yake kulikuwa na idara ya makoloni ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje, na majalada ya idara hiyo yalirithiwa na wizara mpya. Ndiyo maana barua za Majimaji za mwaka 1905 unazikuta chini ya wizara ambayo wakati huo haijazaliwa. Enzi za Ujerumani Mashariki karatasi hizo zilikaa Potsdam, kwa hiyo waliozisoma huko wakaandika "DZA Potsdam, RKA", na wa baadaye, hifadhi ilipobadili jina, wakaandika "ZStA", mara nyingine na 10.01, namba ya fungu lote, mbele. Baada ya Ujerumani kuungana 1990 zikawa za Bundesarchiv (BArch kwa kifupi), hifadhi ya taifa ya Ujerumani, na sasa ziko Berlin-Lichterfelde kwa alama ya R 1001. Nyumba imebadilika, jina la nyumba limebadilika, lakini namba ya jalada haikuguswa. RKA 726 ya kitabu chako ndiyo R 1001/726.

Halafu hiyo 110, ambayo nadhani ndiyo iliyokukwamisha. Siyo sehemu ya namba ya jalada. Ni karatasi ya 110 ndani ya jalada, ile ambayo Wajerumani huiandika "Bl. 110". Ukiandika R 1001/726/110 kwenye kisanduku cha kutafutia utaletewa sifuri, kwa sababu katalogi inaishia kwenye jalada, haiingii ndani kuhesabu karatasi. Ikate. Tafuta jalada kwanza, karatasi utaifuata ndani kwa macho.

Fanya hivi. Ingia invenio, mfumo wa kutafutia wa Bundesarchiv; unaingia kama mgeni bila kujisajili. Andika R, nafasi, 1001, mkwaju, 726. Nafasi ile usiisahau. Ukipata maelfu ya matokeo yasiyohusika, acha kutafuta kwa namba nzima, ushuke kwenye mti wa mafungu ya majalada: fungua R 1001, nenda Deutsch-Ostafrika (Afrika Mashariki ya Kijerumani), tafuta kundi la maasi, kisha pitia namba kwa macho. Mimi naipenda zaidi njia hii hata namba inapokubali, maana inakuonyesha majirani. Majalada ya Majimaji yamepangwa pamoja, kuanzia 721 na kuendelea, na jambo moja hugawanywa katika majalada kadhaa: ukiona "Bd. 1", "Bd. 2", hayo ni majuzuu ya jambo lilelile na kila juzuu lina namba yake. Mtu anayekwenda moja kwa moja kwenye 726 na kutoka hataona barua iliyotangulia kwenye jalada la jirani.

Ukishafungua picha za jalada, usiende kwenye picha ya 110. Namba ya karatasi huandikwa upande wa mbele tu, aghalabu juu kulia, kwa penseli au muhuri. Upande wa nyuma hauna namba, ndio huitwa 110 nyuma. Kwa hiyo kama kila upande umepigwa picha yake, karatasi ya 110 itakuwa karibu na picha ya 220, ongeza jalada la nje na kurasa za mwanzo. Kama picha zimetoka kwenye filamu ya zamani na kila moja inabeba kurasa mbili, hesabu itakuwa nyingine. Fungua picha yoyote ya katikati, soma namba ya penseli, kisha songa mbele au rudi. Angalia pia kama kuna namba mbili, moja imekatwa: jalada lilihesabiwa upya, na mwandishi wako huenda alitumia hesabu ya zamani. Na tahadhari na mkono wa Kijerumani, 1 yao ina mkia mrefu unaoweza kukufanya usome 7.

Kuna mtego mwingine katika orodha uliyonitumia. Umeandika "TNA" kwa vyanzo vyote, kama alivyofanya Saidi, na Saidi tunajua yaliyompata siku ya utetezi. TNA ni Nyaraka za Taifa za Tanzania, hapo hapo Upanga, na TNA ni hifadhi ya taifa ya Waingereza kule Kew, London, pia. Kinachokuambia ni ipi ni herufi zinazofuata. "TNA G 55/28" ni ya Dar: G ni kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zilizobaki nchini. "TNA CO 691" na namba yake ni ya Kew: CO ni Colonial Office, na 691 ni mawasiliano ya Tanganyika tangu 1916. Ukiona "PRO" mbele ya CO au FO (Foreign Office), ni Kew hiyo hiyo kwa jina lake la kabla ya 2003. Itoe PRO, uandike yaliyobaki. Na uone jinsi mkwaju unavyohadaa: katika G 55/28 namba ya mwisho ni jalada, katika RKA 726/110 namba ya mwisho ni karatasi. Alama moja, kazi mbili. Huwezi kujua kwa kuitazama tu, lazima ujue utaratibu wa hifadhi husika.

Kwa Kew nakusihi uamini namba kuliko maneno. Majalada mengi ya CO yameelezwa kwenye katalogi kwa mwaka na aina ya barua tu, hivyo ukitafuta "Songea" au "Ungoni" hutapata, nawe ukadhani hakuna. Yamo. Yanafikika kwa namba pekee, na namba zimo katika tanbihi za waliotangulia, zile ambazo watu wanazifuta kwa kukosa subira! Hili linaniuma kweli. Tanbihi ikifutwa, atakayekuja baada yako hana pa kuanzia.

Jingine dogo: usinakili namba kutoka PDF na kuibandika. Kistari hugeuka kirefu, O inakuwa sifuri, l inakuwa moja, na nukta za "C.O." huingia zisipotakiwa. Ichape kwa mkono. Kisha itafute pia kwenye Google ndani ya alama za mtajo, "R 1001/726". Mara nyingi utakuta makala ya mtu mwingine aliyelisoma jalada hilo, na tarehe ya barua aliyoinukuu. Tarehe hiyo ni mali. Namba ikishindikana kabisa, mtumie mtunza nyaraka mambo manne: namba ulivyoikuta, kitabu na mwaka wake, tarehe ya barua, nani kamwandikia nani. Watakujibu.

Katika tasnifu andika yote mawili: BArch, R 1001/726, Bl. 110, halafu "zamani RKA 726". Msimamizi hatakuwa na la kusema, na msomaji ataifikia kwa njia yoyote.

Nina ombi pia. Ukipita Upanga, nitazamie ile orodha ya kumbukumbu za Kijerumani iliyochapishwa Marburg 1973, juzuu zote mbili, unipigie picha kurasa za wilaya ya Songea. Nataka kuzilinganisha na filamu zilizoko Berlin chini ya R 1003, kwani kilichochakaa Dar huenda kinasomeka kule.

Sasa nijibu. Utakutana na msimamizi lini hasa? Mbali na 726, kuna tanbihi nyingine zilizogoma? Nitumie zote kama zilivyo kitabuni, usizisafishe. Umempata wa kukusomea mwandiko wa Kijerumani, au nimuulize yule dada wa Neema? Na ile sura ya tatu, bado unataka kuianza na Mohoro, au umerudi Kilwa? Kikapu cha mama je?

Wako,
Rehema