Risala ya Wanafunzi wa Marehemu Mwalimu Wetu wa Uchoraji kwa Mgeni Rasmi, Jijini Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mama yetu, mjane wa marehemu, pamoja na watoto na wajukuu,
Ndugu wasanii, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha jioni hii tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu na kwa kuzitazama picha hizi moja baada ya nyingine bila haraka.

Sisi ni wanafunzi wa marehemu. Wengine alitufundisha darasani, wengine barazani kwake Kirumba. Rangi za mafuta zilikuwa ghali, hivyo alinunua kitambaa cha marekani dukani, akaiwamba kwenye mbao, akaipiga rangi nyeupe ya nyumba mara mbili, ndipo akaanza kazi. Ukisogea karibu utaona punje za mchanga ndani ya rangi. Aliuchota mwenyewe ufukweni na kuuchekecha kwa chujio la chai.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maisha yake yote aliulizwa swali moja: "Mwalimu, hii ni picha ya nini?" Kwa kuwa hakuchora twiga wala mlima, wengi walidhani anaiga Wazungu. Neno hilo lilimuuma sana. Alikuwa akituambia kwamba katika ziwa hili hili, kisiwani Mfangano upande wa Kenya, ipo miduara myekundu na myeupe, mmoja ndani ya mwingine, iliyochorwa mwambani na watu wa kale. Waliochora miduara ile hawakungoja mtu wa Ulaya aje kuwafundisha uchoraji dhahania, yaani uchoraji usioiga sura halisi ya vitu.

Tazama ile picha nyeusi iliyo karibu na mlango, yenye vidoa vya manjano. Siku moja aliianika nje ikauke. Akapita mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, akatua beseni lake, akasema, "Hizi si karabai za wavuvi, usiku wa giza?" Ndivyo ilivyokuwa. Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, na ukisimama ufukweni unaona taa tu, mitumbwi huioni. Mwalimu alichora kile ambacho jicho linakiona. Mama yule hakuhitaji maelezo ya mtu.

Picha ya pili iko peke yake kwenye ukuta wa ndani, na tuliiweka hivyo makusudi. Inaitwa "Jumanne". Tarehe 21 Mei 1996, siku ya Jumanne, meli ya MV Bukoba ilizama ikija Mwanza, na mamia ya watu wakafa maji. Mwalimu alikuwa miongoni mwa waliosimama bandarini wakisubiri. Katika picha hiyo hakuna meli, hakuna mtu. Kuna buluu iliyopakwa tabaka juu ya tabaka mpaka ikakaribia weusi, na chini kulia ameacha kipande cha kitambaa kitupu, upana wa kiganja. Hakuwahi kutuambia kwa nini. Tuliomuona akisimama mbele ya kipande kile hatukumuuliza tena.

Mheshimiwa, tunalo ombi. Picha hizi zimekaa miaka yote katika chumba kimoja nyumbani kwa Mama. Unyevunyevu wa ziwa umeleta ukungu, na mchwa wameshaanza kula fremu. Picha moja aliyoitoa zawadi kwa ofisi fulani tuliikuta stoo, imekunjwa, juu yake kumewekwa ndoo. Pale kwenye makumbusho ya Bujora, Kisesa, ngoma za watemi wa Kisukuma zinatunzwa, nasi tunaona fahari. Tunaomba jiji litupatie chumba kimoja kikavu chenye mlango unaofungwa. Familia imeridhia picha zikae humo, na sisi tutazisafisha wenyewe kwa zamu. Tungependa pia kila tarehe 21 Mei "Jumanne" itolewe, ili wanaotoka makaburini Igoma, walikozikwa waliokufa katika meli ile, waweze kupita kuiona.

Kabla hatujaketi, Mama ana picha ndogo aliyoichagua mwenyewe kwa ajili yako. Ni ya mwisho kupakwa rangi na marehemu. Tunakuomba usogee uipokee mikononi mwake, na uishike pembeni tu, maana mchanga wake bado unadondoka.

Tunaomba kuwasilisha.